Ndege ya Manjano

9 Januari

Kwako Tiara,

Marahaba, hata kama shikamoo yako bado imekaliwa na watu wa posta. Huku sote tu wazima. Paa la jikoni limeacha kuvuja baada ya fundi kurudi mara ya pili na kuona aibu mwenyewe. Bi Chaki, jirani yetu mwalimu, amestaafu kufundisha ila hajastaafu kusahihisha watu, na anauliza kama bado unaandika "g" yenye mkia wa ndoano. Paka wa marehemu mama yako amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo safi. Kati ya nguo zote akachagua shuka jeupe. Ungekuwepo ungelia.

Kompyuta imefika salama. Dereva wa basi aliileta mwenyewe hadi mlangoni, kaikumbatia kama mgonjwa anayetoka hospitali. Nimeiweka chumba cha mama yako, maana ndicho chenye meza na dirisha kubwa. Cherehani yake nimeisogeza kidogo tu, usinikasirikie.

Najua kwa nini umeileta, usidhani mjomba wako mjinga. Umeambiwa kwamba tangu nistaafu nashinda kwenye uzio wa uwanja wa ndege nikiwapungia marubani, na mlinzi amechoka nami. Ni kweli. Mtu aliyetumia maisha yake yote akisimama mbele ya ndege na vibao viwili mkononi, akiziita na kuzisimamisha, hawezi kuiambia mikono yake leo basi. Na katika zote hizo sijawahi kupanda hata moja. Basi umeniletea za kwenye kioo, mchezo wa kurusha ndege, ahsante sana, mwanangu.

Sasa nielekeze. Humu ndani zimekuja ndege sita za kuanzia: lile dubwana la abiria, ile ya sarakasi, ile isiyo na injini, helikopta, ile inayotua majini, na kadogo kamoja kenye mabawa juu ya kichwa. Ipi ndiyo bora kwa mtu kama mimi? Nimeanza kwa kuzitazama usoni, kama nilivyozoea. Ndege mimi naijua kwa uso. Tatizo ni kwamba nikitaka iende kulia, nasukuma kulia kwangu mimi niliyesimama mbele yake, nayo inaelekea kule kwingine. Jana nimegonga mnara wa maji. Bi Chaki alicheka mpaka akashika ukuta.

Jambo moja limenifurahisha. Kwenye maegesho wameweka kajitu kadogo kenye kizibao cha rangi ya chungwa na vibao viwili. Anaita vizuri, ila kusimamisha ndege ni mvivu. Mikono miwili ikipishana juu ya kichwa, rubani husimama palepale, awe na haraka ya namna gani. Yeye anaipishanisha kama mtu anayefukuza nzi. Wewe utotoni uliipenda sana ishara hiyo, ulikuwa ukikimbia na tiara lako la gazeti huku ukinipungia hivyo kwenye uzio, hujui maana yake.

Usijibu kwa simu. Simu ni ya haraka na ya misiba, mambo ya ndege yanataka karatasi. Na uandike kwa kalamu nene, Bi Chaki anapenda mwandiko ulionona.

Mjomba wako,
Mzee wa Vibao


2 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekalia furushi la taulo, nikacheka peke yangu hadi msimamizi akaja kuona kuna nini. Mimi mzima. Hoteli imejaa wageni wa mikutano, watu wanaomwaga kahawa kwenye vitambaa vya meza kana kwamba wanalipwa kwa kazi hiyo. Pasi yetu kubwa ya mvuke imepata kikohozi. Mpe Bi Chaki shikamoo yangu, mwambie mkia wa "g" uko palepale.

Mjomba, ndege haiendeshwi kutoka mbele! Bonyeza kitufe chenye picha ya kiti, utaingia ndani. Ukikaa ndani, kulia kwako na kulia kwake vitapatana. Nilicheka, lakini baadaye nikafikiri: nani mwingine duniani angekosea hivyo? Labda mwenye kazi yako tu.

Kuhusu ipi bora, mimi nakushauri hilo dubwana la abiria. Usiliogope. Ukishalipandisha unalipangia njia, linajipeleka lenyewe, wewe unakunja mikono na kutazama. Karibu na hoteli yetu pana uwanja mkubwa wa ndege, nao umo kwenye mchezo huo, nimeangalia kwa mwenzangu mmoja aliye nao kwenye kompyuta yake. Unaweza kunitembelea. Mchana, nikianika vitambaa juu ya paa, ndege hupita chini kiasi kwamba kivuli chake kinatembea juu ya shuka zangu kisha kinaondoka. Siku hizi kikipita nitakuwa nasema huyo ni Mjomba.

Ukifika juu ya mawingu, tulia. Siku nilipoondoka nyumbani nilikaa dirishani, nikaona mawingu yamelala kama shuka zilizotoka kwenye mashine kabla ya pasi, nikatamani safari isifike kokote.

Kuhusu chumba, sawa.

Wako,
Tiara


26 Februari

Tiara,

Salamu zako nimezigawa. Bi Chaki kapokea ya kwake akiwa amesimama, kama anakagua gwaride. Watoto wa paka wamefumbua macho.

Dubwana lako nimelirusha, nikalikataa. Kwanza lina saa za vipimo na taa nyingi mbele ya rubani, na zote wamezichora vibaya, kama kwa makaa yaliyolowa. Pili linajiendesha. Sasa kama linajiendesha, mimi nimefuata nini mle ndani? Tatu, na hili ndilo kubwa, rubani wake anakaa juu mno. Anapoingia kwenye maegesho, yule mwenye vibao anapotea chini ya pua. Nilisimama chini ya pua za madubwana hayo miaka yote, kumbe walikuwa hawanioni hatua za mwisho! Walikuwa wanabahatisha!

Ya sarakasi ilinigeuza kichwa chini, Bi Chaki akapiga kelele kana kwamba naye kafungwa mkanda. Isiyo na injini ni nzuri, haina kelele, ila ina huzuni. Helikopta sitaki kuizungumzia.

Nimechagua. Ni kale kadogo kenye mabawa juu. Mabawa yakiwa juu, dunia yote iko chini yako, hakuna kinachokuziba. Kanakwenda polepole kiasi kwamba unaweza kuipenda njia. Na rangi yake, Tiara! Manjano, manjano ya siagi iliyoachwa juani. Nikiitazama kabla ya kupanda moyo unanituama.

Juzi mchana nilikuja kwako. Usicheke. Bi Chaki alivuta kigoda akakaa kando, akawa ananisomea zile saa, mwendo kiasi hiki, urefu kiasi hiki, kwa sauti ya imla. Mimi nikawa nashikilia usukani. Tukafuata mto. Mto ukawa unang'aa, mpana na mweupe kama maziwa, kingo zake sizioni vizuri, nami sikujali. Sijui kama nililala macho wazi ama vipi, nilisahau kabisa kwamba nimekaa kwenye kiti cha kushonea cha mama yako. Tulipofika nikazunguka juu ya hoteli yako polepole, mara mbili. Sikukuona. Nikarudi.

Na sasa nakuuliza, maana nimechoka kuzunguka juu ya nyumba ya watu: utakuja lini?

Mjomba wako


20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Pasi ya mvuke ilikufa kabisa, tukawa tunanyoosha shuka za hoteli nzima kwa mkono. Nikifika kwangu vidole havishiki kalamu. Hiyo ndiyo sababu, na nyingine ndogo ndogo. Niambie habari za paa, mvua zilivyoanza. Mwambie Bi Chaki namuonea wivu hicho kigoda.

Nimefurahi ulivyokuja. Nimesoma ukurasa ule wa mto mara nyingi, mpaka nikaota niko kiti cha nyuma, naona visogo vyenu.

Lakini nina swali. Nilikwenda kwa yule mwenzangu ili na mimi nipande ndege yako. Nimezifungua zote sita. Ya manjano haimo. Hiyo yenye mabawa juu ni nyeupe, Mjomba. Nyeupe pe, ina mstari mmoja wa buluu ubavuni. Au kuna mahali ulibonyeza ukaibadilisha rangi?

Na mwandiko wako, mistari yako ya mwisho inapanda mlima kisha inaangukia juu ya ile ya chini. Unaandikia wapi siku hizi?

Tiara


8 Mei

Tiara,

Usishangae mwandiko, anaandika Bi Chaki, mimi nasema. Mkono umechoka tu. Paa halivuji. Paka hajambo. Mimi sijambo.

Nimetazama ndege kabla mama yako hajaolewa, sihitaji kufundishwa rangi na mtu wa taulo. Ndege yangu ni ya manjano. Labda ya mwenzako ni toleo jingine.

Badala ya kubishana nami, nisaidie mambo mawili. Kwanza toa huo ukungu. Mwanzoni ulikuwa asubuhi, sasa uko mchana kutwa, hata nikiweka jua la saa sita. Taa za uwanja zinatawanyika kama nazitazama ndani ya maji. Pili, yule kijana wa vibao ameacha kuja kazini. Wiki nyingi sasa nikiingia kwenye maegesho simwoni. Labda wamemfukuza, ingawa sikumshtaki kwa mtu. Naingia peke yangu, na inaniuma. Mtu asiachwe kuingia peke yake.

Na bado hujajibu swali langu la Februari.

Mjomba wako


23 Mei

Shikamoo Mjomba, na shikamoo Bi Chaki, maana najua unasoma kwa sauti.

Leo sina habari za hoteli.

Mimi kazi yangu ni weupe. Kutwa nzima naletewa vitu vyeupe, nami natakiwa kujua kipi bado ni cheupe na kipi kimegeuka. Kitambaa hugeuka kidogo kidogo, mwenye nacho haoni, kwa sababu anakiona kila siku. Anayekiona ni yule anayekiweka kando ya kingine. Nimeiweka ndege yako kando ya yangu.

Nilirudi tena kwa mwenzangu. Nikaweka jua la saa sita, uwanja wa nyumbani, kila kitu kama ulivyosema. Ukungu hakuna. Nikateremka, nikaingia kwenye maegesho. Yupo, Mjomba. Kizibao chake cha chungwa kinawaka. Alinyanyua vibao akaniita mpaka nikafika mbele yake.

Huoni vizuri. Nasema hivyo kwa sababu nakupenda, na kwa sababu umelificha hili ndani ya simu usiyotaka kuipokea, na kalamu nene, na Bi Chaki anayesoma saa. Mpishi wetu mkuu alikuwa hivyohivyo, mchuzi wote anauita wa manjano. Walimwambia ni mtoto wa jicho, wakamfanyia upasuaji, siku ya tatu akarudi akatuambia aproni zetu ni chafu. Ukiacha, giza litafunga kabisa. Utakapokuwa hata mto huuoni, utarusha nini?

Najua utasema huwezi kukaa tuli mtu akikuletea kisu jichoni. Lakini wewe uliniambia mwenyewe: rubani wa dubwana hakuoni hatua za mwisho. Ana watu wote wale nyuma yake, magurudumu yake hayaoni, nawe alikuwa hakujui hata jina. Alikuja tu kwa sababu mtu alikuwa amesimama mbele. Wewe ulidai wakuamini kila siku, Mjomba. Sasa ni zamu yako.

Na swali lako. Siji kwa sababu naogopa chumba cha mama. Siku ya mazishi nilipita mlangoni nimefumba macho, kesho yake nikaondoka. Kila nikitaka kukata tiketi naona kile kitanda kimetandikwa na hakuna mtu. Basi. Sio pasi ya mvuke.

Tiara


14 Juni

Tiara wangu,

Bi Chaki amenisomea barua yako, kisha nikamwomba aisome tena polepole. Mara ya pili alitoka nje kidogo, akasema anaangalia kuku. Hana kuku.

Nilikasirika mpaka jioni. Halafu nikaingia chumbani, nikaigeuza kompyuta ielekee dirishani, nikakaribia kioo hadi pua ikagusa. Nikamtafuta yule kijana. Nikaona kitu cha chungwa kinatikisika, kama ua ndani ya moshi. Kumbe yupo.

Nimekwenda kliniki ya macho. Bi Chaki alinishika kiwiko njia nzima, akidai ni yeye anayeogopa magari. Daktari ni binti mdogo anayesema taratibu. Amenimulika kisha akaniambia macho yote mawili, wataanza na la kulia, siku ya Alhamisi ya pili ya Julai. Sijalala vizuri tangu hapo. Naogopa, mwanangu. Sikuogopa dubwana lenye injini nne linanijia kifuani, naogopa kajisu kadogo ka yule binti.

Na kuhusu chumba, nisikilize. Kitanda hakijatandikwa. Kimejaa ramani ambazo Bi Chaki anazichora kwa chaki zake zilizobaki. Paka analala kwenye mto. Kiti cha kushonea kimekuwa cha rubani, na juu ya cherehani pana kikombe changu. Kila mchana tunaondokea humo na kurudia humo. Mama yako alikuwa hapendi nyumba kimya, unamjua. Sasa haiko kimya.

Nitakwenda siku hiyo kama utakuwepo. Usipokuwepo, sijui.

Mjomba


1 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimepewa ruhusa. Nakuja kwa ndege, Jumatano, siku moja kabla. Usije uwanjani, Bi Chaki akuzuie kwa nguvu. Kwenye kliniki hawataniruhusu kuingia chumba cha upasuaji, nimeuliza. Lakini kesho yake wakikufungua kitambaa nitakuwa mbele yako, mahali ambapo unaweza kuniona.

Naogopa na mimi. Nakuja hivyohivyo.

Tiara


25 Agosti

Tiara,

Mwandiko huu ni wangu, nimeufanya mdogo makusudi. Bi Chaki kauchungulia, kasema mistari imenyooka ila nakosa nukta.

Tu wazima. Watoto wa paka tumewagawa, mmoja amekataa kuhama. Umesahau kitana chako juu ya cherehani, nimekiacha palepale. Siku ile uliyolala chumbani mle sikukuuliza umelalaje, nawe hukusema. Ila asubuhi nilisikia cherehani inatembea, nikajifunika shuka, nikatabasamu kama mtoto. Pazia ulilolipinda limekaa vizuri.

Ndege ni nyeupe. Nakiri, na Bi Chaki ni shahidi. Nilipokaa mbele ya kioo mara ya kwanza nilifunika jicho la kushoto, nikaiona nyeupe pe na mstari wake wa buluu, kama ulivyosema. Nikafunika la kulia, ikarudi ya manjano. Nimekaa hapo mchana mzima nafunika na kufunua. Ulipokuwa hapa ulisema ungeweza kuniwekea rangi hiyo. Usiweke. Nimehuzunika kidogo, sikufichi, maana ile ya manjano ilikuwa nzuri, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuipanda isipokuwa mimi. Jicho la pili watalifanya Oktoba, ndiyo mwisho wake. Hadi hapo tunaagana taratibu, natembea nayo jioni jioni.

Mto una kingo. Sikujua una visiwa. Tumekuja kwako tena nikaona paa la hoteli lina kamba za kuanikia, hata kama wewe hawakukuchora.

Na yule kijana wa vibao nimemwomba radhi. Alikuwa kazini siku zote, na mimi nilikuwa namkanyaga nikiingia. Mikono yake mizuri, kusema kweli. Uliniuliza mwanzo wa mwaka, ama mimi nilikuuliza, ipi ndiyo ndege bora ya kuanzia. Ni ile ile yenye mabawa juu. Ina pua fupi. Kutoka kwenye kiti chake unamwona anayekuita mpaka dakika ya mwisho kabisa.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa, ulikuwa unalia na Bi Chaki analia, nikaona ningeharibu. Asubuhi ile, binti daktari aliponifungua kitambaa, mwanga uliingia mwingi hadi nikatamani kurudi nyuma. Nikasimama mlangoni. Korido ni ndefu, nyeupe, sijawahi kuona weupe wa namna ile, nikakukumbuka wewe na kazi yako. Na mwisho wa korido nikakuona. Umevaa kizibao changu cha zamani, sijui ulikitoa wapi, kimekufika magotini. Umeinua mikono yote miwili juu ya kichwa, unaipishanisha, unaipishanisha, unaniita.

Mwanangu, hiyo ni ishara ya kusimama. Mpaka leo hujajifunza. Rubani yeyote angefunga breki palepale mlangoni asisogee hata kidogo.

Mimi nilikuja.

Mjomba wako,
Mzee wa Vibao